Nyumba za Kujificha, Nyumba za Kuonekana

Picha yenyewe ni ndogo, haifiki kiganja, na kingo zake zimekatwa meno meno kama msumeno, mtindo wa karatasi za picha za zamani. Bibi aliitoa kwenye kopo la biskuti lililokuwa chini ya kitanda, ndani ya bahasha iliyokwishageuka rangi ya chai, akaisogeza dirishani. "Njoo huku penye mwanga, mjukuu wangu. Hapo gizani utamwona nani?"

Wanaume kumi na mmoja wamepangwa mstari mbele ya vichanja vya kahawa. Nyuma yao kuna paa la bati, na nyuma ya paa Mlima Oldeani umejitanda wingu. Bibi akaweka ukucha chini ya mtu wa tatu kutoka kushoto, mwenye koti refu la jeshi lisilo na kifungo hata kimoja. "Huyu baba. Koti alipewa na mzungu wake baada ya vita. Halivui, hata jua liwake namna gani." Nikaigeuza picha. Nyuma pameandikwa kwa wino wa buluu neno moja na mwaka: Oldeani, 1951. Majina ya wale kumi na mmoja hayamo.

Chini, kwenye nyasi mbele ya miguu yao, kuna kivuli cha mtu aliyepanua viwiko. Ndiye aliyeshika kamera. Jua lilikuwa mgongoni kwake, kivuli kikamtangulia kuingia pichani. Bibi anamjua: ndiye aliyekuwa mwenye shamba. Kwa hiyo picha hii ina watu kumi na wawili, na tangu siku ile nimejizoeza kuzitazama picha za zamani za huku kwetu kwa kuanzia pembeni na chini. Katikati hukaa kile ambacho mpiga picha alitaka tukione, na hicho hakihitaji msaada wangu.

Ziko nchi zilizobahatika kwa picha, na Mexico ni mojawapo. Mwaka 1891 kijana wa Kijerumani kutoka Pforzheim, Carl Wilhelm Kahlo, alihamia huko, akajiita Guillermo, na baadaye akashika kazi ya kupiga picha. Kati ya 1904 na 1908 serikali ya Porfirio Díaz ilimtuma azunguke nchi kupiga picha za makanisa na majengo ya enzi za Wahispania, kwa ajili ya maadhimisho ya miaka 100 ya uhuru, mwaka 1910. Leo wengi wanamjua kwa kuwa ni baba wa mchoraji Frida Kahlo, lakini anayetaka kujua kuba na minara ya Mexico ilivyokuwa kabla ya mapinduzi hana budi kupita kwake. Mapinduzi yalipoanza mwaka huohuo wa 1910, Agustín Casasola na jamaa zake wakapiga na kukusanya picha za vita, za mitaani, za magerezani na za harusini. Serikali ilinunua hazina hiyo mwaka 1976 na kuiweka mjini Pachuca, katika jengo lililokuwa monasteri. Mjukuu wa askari wa mapinduzi anajua mlango wa kubisha hodi.

Sisi wa Oldeani, huku Karatu, tubishe wapi? Picha za enzi za Mjerumani ziko kwa Mjerumani. Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio Dar es Salaam na kuzunguka koloni lote na kamera yake, aliacha picha ambazo sasa zimo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani huko Koblenz. Chuo Kikuu cha Frankfurt kina mkusanyiko wa Chama cha Ukoloni cha Ujerumani, picha kiasi cha 55,000 za makoloni yao yote. Zimewekwa kwenye intaneti, kwa hiyo kijana mwenye simu aliyekaa stendi ya Karatu anaweza kuzifungua. Atakachogundua upesi ni kwamba Mjerumani pichani huwa ana jina na cheo. Mwenyeji huwa ni shujaa wa Kimasai, mpagazi, mwanamke wa kabila fulani. Kazi ya kamera imefanyika nusu.

Nusu nyingine ni ngumu kwa sababu ya pekee kabisa, nayo ni ujenzi wetu wenyewe.

Wairaqw, ambao Waswahili wa zamani waliwaita Wambulu kwa jina la wilaya yao, wana asili yao katika vilima vya Irqwar Da'aw, kusini ya Karatu ya leo. Huko walikaa kwenye ngome isiyo na ukuta: miteremko mikali, mabonde finyu na nyumba zilizojificha. Mjenzi alichimba ubavu wa kilima, akaufanya ukuta wa nyuma kuwa kilima chenyewe. Akasimamisha nguzo, akalaza magogo, juu yake fito, juu ya fito udongo ulioshindiliwa mpaka paa likalingana na ardhi ya upande wa juu. Majani yakaota juu ya paa. Ukishuka kilima kutoka juu ungeweza kutembea juu ya nyumba ya mtu, yeye yuko chini yako na ng'ombe wake, mbuzi wake na watoto wake, wewe hujui ila kwa moshi. Waswahili tuna neno la nyumba ya paa bapa la udongo: tembe. Lakini tembe ya Ugogo hujengwa uwandani ikaonekana kutoka mbali. Hii ya Wairaqw ilijengwa ili adui apite.

Adui huyo, katika masimulizi ya wazee, ni morani wa Kimasai aliyekuja kutafuta ng'ombe. Nyanda za juu za Ngorongoro zilikuwa zimeshabadili wenyewe. Kabla ya Wamasai walikuwapo Wadatoga, wale wanaoitwa Wamang'ati, na inakadiriwa kwamba Wamasai waliwaondoa katikati ya karne ya 19. Wadatoga wakasogea kusini na magharibi, kuelekea Ziwa Eyasi na Hanang, lakini makaburi ya wakubwa wao yalibaki ndani ya kreta ya Ngorongoro, na wapo Wadatoga ambao hadi zama zetu wameendelea kupaheshimu mahali hapo na kwenda kuomba. Eyasi nako kulikuwa na Wahadza, wawindaji na wachimba mizizi, ambao nyumba yao ni kibanda cha matawi na nyasi kinachojengwa na wanawake kwa muda mfupi na kuachwa bila majonzi. Hata jina Oldeani ni la Kimasai, likiwa na maana ya mianzi, na mianzi yenyewe ingalipo juu mlimani, kwenye baridi, karibu na kilele cha mita 3,200 hivi.

Sasa fikiria mpiga picha anaingia katika nchi hii. Kwanza, nyumba imetengenezwa isionekane. Pili, nyumba inahamahama. Tatu, nyumba ni kibanda cha matawi kitakachoachwa mwezi ujao. Atapiga nini? Atapiga milima, wanyama, na baadaye atapiga nyumba yake mwenyewe.

Wa kwanza kati ya Wazungu kufika kreta na kuandika habari zake alikuwa Oscar Baumann, Mwaustria, mwezi Machi mwaka 1892. Wasomaji wa pwani watamkumbuka kwa kisa kingine: mwaka 1888 yeye na mwenzake wa safari, Hans Meyer, walikamatwa na watu wa Abushiri bin Salim, wakaachiwa baada ya kulipiwa fidia. Mtu wa kawaida baada ya hapo angerudi kwao Vienna akaoa. Baumann alirudi na msafara mpya, akatoka Tanga mwanzoni mwa 1892, akapita Ziwa Manyara, akapanda ukuta wa Bonde la Ufa, akateremka Ngorongoro.

Alifika mwaka mbaya kuliko yote. Sotoka ilikuwa imekwisha kupita na kuacha mifupa. Ng'ombe walikufa kwa maelfu, na Mmasai asiye na ng'ombe ni mvuvi asiye na bahari. Wamasai wenyewe huiita miaka hiyo Emutai, maangamizi. Baumann aliandika juu ya watu waliokonda mpaka wakawa mifupa mitupu, wakiizunguka kambi yake kutafuta chochote cha kula. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1894 kina michoro na picha, na ni katika hati za mwanzo kabisa za maandishi kuhusu sehemu hii. Ni picha ya nchi iliyokuwa kitandani, mgonjwa. Kosa lililofuata, la kuidhani nchi ile kuwa haina mtu, lilianzia hapo: waliofika baada yake waliona mbuga tupu, wakasema ni bikira, kumbe ilikuwa na msiba. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Madai yake ya ardhi hayajatokomezwa.

Hao waliofuata walikuwa ndugu wawili, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, waliokodishwa ardhi ndani ya kreta na serikali ya kikoloni. Adolf alikaa upande wa mto Munge, nduguye upande wa pili, karibu na msitu wa Lerai. Walifuga ng'ombe, waliwaalika rafiki zao kuwinda, na walijaribu kuwafukuza nyumbu watoke kreta wawapishe mifugo. Nyumbu kwa maelfu! Anayeijua kreta atacheka. Nyumba ya mawe ya Adolf ilikuwa ya kuonekana, kavu, yenye pembe nne, sakafuni mwa bakuli lenye upana wa kilomita 19 hivi na kuta za mita 600. Vita ya 1914 iliwaondoa. Baadaye shamba likapita kwa Sir Charles Ross, Mskochi mtengeneza bunduki, na mwaka 1928 uwindaji ukapigwa marufuku ndani ya kreta isipokuwa kwenye mashamba hayo ya zamani. Masalia ya kuta yangali yapo, na wanyama hupita kando yake. Katika nyumba zote zilizowahi kukaliwa mle kreta, za Wadatoga na za Wamasai, ni hiyo ya miaka kumi na kitu ambayo waongoza watalii huinyooshea kidole.

Tutoke kreta sasa, tushuke kusini hadi Oldeani yenyewe, kwenye udongo mwekundu.

Baada ya vita Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, na Wajerumani wakazuiwa kurudi mpaka mwaka 1925. Zuio lilipoondolewa walirudi kwa wingi, na miteremko ya Oldeani ilikuwa moja ya sehemu walizozipenda: mvua ya kutosha, baridi isiyoua, udongo wa volkano, na msitu juu unaotunza maji. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 walifyeka, wakapanda kahawa ya arabika, wakajenga. Nyumba hizo zingali zinajulikana kwa mtindo wake: msingi wa mawe, ukuta wa matofali ya kuchoma uliopakwa chokaa, bati lenye mteremko mkali, dohani kwa sababu ya baridi ya Julai, na kibaraza kirefu kinachotazama bondeni. Kibaraza ndicho roho ya nyumba. Mwenye shamba alikaa pale jioni akaona mali yake yote bila kuinuka, na vibarua nao wakamwona. Shamba moja la huko bado linaitwa Edelweiss, ua la theluji la milima ya Alpi ambalo halijawahi kuota Karatu hata siku moja.

Haya ndiyo majengo ambayo picha za zamani zimejaa. Kamera na kibaraza viliumbwa pamoja. Mama na watoto kwenye ngazi, mbwa miguuni, maua ya kigeni kwenye vyungu. Pembeni, kwenye kizingiti cha jikoni, yuko mtu amesimama nusu ndani nusu nje, nusu ya uso ina mwanga. Mpishi. Yaya. Mtu wa bustani. Hakuitwa apigwe picha, lakini hakufukuzwa.

Na waliopanda hiyo kahawa hawamo kabisa, au wamo kwa mbali kama vidoti kati ya mistari. Baadhi yao walitembea kutoka Singida, Waisanzu na majirani zao, kutafuta fedha ya kodi ya kichwa. Kazi ilipimwa kwa kipande: kadi yenye vyumba 30, siku moja ya kazi chumba kimoja, ukimaliza vyumba ndipo unalipwa. Siku ambazo mnyapara hakuridhika hazikuandikwa, kwa hiyo mwezi wa kipande ungeweza kuwa na siku 40 au zaidi za kalenda. Nawaza: kama kipande kingehifadhiwa kama picha zilivyohifadhiwa, tungekuwa na majina ya maelfu. Kipande kiliandikwa jina.

Hapohapo nyumba za Wairaqw zilikuwa zinatoka ardhini. Hii ndiyo sehemu ya habari ninayoipenda zaidi, na sijaona mpiga picha aliyeifuata hatua kwa hatua. Uvamizi wa kuteka ng'ombe ulipokoma chini ya serikali za kikoloni, haja ya kujificha ilipungua, na watu walikuwa wamezidi kuongezeka vilimani. Familia moja moja zikaanza kushuka kaskazini, kuelekea nyanda za Karatu na Oldeani, baadhi kwa kufuata kazi ya mashamba, wengi kwa kufuata malisho na ardhi ya kulima. Walipofika uwandani hapakuwa na ubavu wa kilima wa kuchimba, wala sababu. Wakajenga nyumba za duara zenye paa la nyasi, juu ya ardhi, mlango wazi. Nyumba kwa Kiiraqw ni do', na neno halikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa do' ilikuwa na kivuli. Ukitaka kujua lini amani ilifika mahali, usisome mkataba; tazama lini watu walithubutu kujenga paa linaloonekana.

Pembeni mwa mashamba waliotesha mkonge kuwa mpaka, na huu ni utani wa historia kwa sababu mkonge ni mwenyeji wa Mexico. Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, yenye asili ya Yucatán, na 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai. Mahindi na maharage vivyo hivyo asili yao ni upande ule wa dunia. Kwa hiyo ukiona picha ya ua wa Oldeani wa miaka ya 1950, mkonge mpakani, mahindi yametundikwa kwa maganda yake chini ya paa, sufuria ya makande jikoni, Mexico imo tayari. Cha asili zaidi hapo ni mtama wa pombe, nao haukupigwa picha.

Katikati ya miaka ya 1930 alikuja mtu mwenye kamera nzuri na nia yenye mashaka. Ludwig Kohl-Larsen, daktari wa Kijerumani na mfuasi wa chama cha Nazi, aliweka kambi karibu na Ziwa Eyasi kati ya 1934 na 1936, akarudi tena 1937 hadi 1939. Alichimba, alipiga picha, alikusanya hadithi za Wahadza na Waisanzu. Mwaka 1935 alipata vipande vya fuvu la kale pale Eyasi, na mwaka 1939 akaokota kipande cha taya karibu na Laetoli, mahali ambapo miaka arobaini hivi baadaye kundi la Mary Leakey lingefukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Picha zake za Wahadza ni safi kupita kiasi. Unaona kila mshipa wa mkono unaovuta upinde. Lakini wamesimamishwa ubavu, halafu mbele, kama watu wanaopimwa. Anayetafuta bibi yake humo atampata, na atakasirika. Mwaka 1930, kabla yake, Dorothea Bleek wa Afrika Kusini alikuwa amefika kwa Wahadza kwa ajili ya lugha, akawasikiliza zaidi kuliko kuwapima.

Septemba 1939 redio ilitangaza vita, na wanaume wa Kijerumani wa Tanganyika wakakamatwa. Mashamba yakawekwa chini ya mwangalizi wa mali za adui. Vibaraza vikabaki, mwenye kukaa akabadilika. Baada ya vita Wajerumani wengi walirudishwa kwao, na mashamba yakapewa au kuuzwa kwa wengine, wakiwemo Waingereza waliotoka jeshini. Mmoja wao, James Gibb, alichukua mwaka 1948 shamba lililoanzishwa na Wajerumani mwaka 1929 ukingoni mwa msitu wa Ngorongoro, na mwaka 1972 yeye na mkewe Margaret walifungua milango kwa wageni wa kulala. Ni katika nyumba za mwanzo za mashamba ya Karatu kugeuka hoteli. Zilizofuata hazihesabiki, na nyingine zimejengwa juzi juzi kwa mtindo wa kibaraza cha 1930, zikatundika ukutani picha za zamani zilizokuzwa. Mgeni anakunywa kahawa chini ya picha ya watu waliolima kahawa, na kadi chini ya fremu inasema: wafanyakazi. Basi.

Nisiache picha iliyoitangaza sehemu hii kuliko zote. Ni ndege ndogo ya Dornier iliyopakwa milia ya pundamilia, ikiruka chini juu ya nyumbu. Rubani ni Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama pamoja na baba yake, Bernhard. Tarehe 10 Januari 1959 ndege iligongana na tai, ikaanguka, Michael akafa na miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa kreta, na majivu ya baba yake yaliletwa hapo baada ya kufariki mwaka 1987. Filamu yao juu ya Serengeti ilipata Oscar mwaka 1960. Mwaka huohuo wa 1959 sheria iliitenga Ngorongoro na Hifadhi ya Serengeti, ikawa eneo la wanyama na wafugaji kwa pamoja. Wamasai walioondolewa Serengeti waliambiwa hapa ni penu. Katikati ya miaka ya 1970 wakaondolewa sakafuni mwa kreta, na kuanzia 2022 wengi wamehamishiwa Msomera, Handeni. Ukizipanga picha za Ngorongoro kwa miaka, utaona watu wakipungua na magari yakiongezeka, mpaka ufikie kadi za posta za leo ambazo hazina mtu hata mmoja. Baumann angezitambua. Mbuga tupu.

Uhuru ulikuja na kamera za bei nafuu na studio za mjini: pazia lenye maporomoko ya maji yaliyochorwa, kiti kimoja, redio ya kushika mkononi ya kuazima. Kwa mara ya kwanza mtu wa Oldeani alilipa apigwe yeye, katikati, akitazama mbele. Vijiji vya ujamaa vilipopangwa miaka ya 1970, nyumba zikavutwa barabarani, mistari iliyonyooka. Tembe za vilimani zikaachwa zibomoke. Kwa vile zilikuwa udongo zilirudi kuwa kilima bila kelele. Lami ilifika Karatu na kuendelea hadi lango la Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa Japani, na matofali na bati vikafuata lami.

Studio zenyewe hazikudumu. Septemba 2016, jua lilipopatwa, niliwaona watoto mtaani wakilitazama kupitia vipande vyeusi vya filamu. Niliomba kimoja. Ilikuwa negativu kutoka studio iliyofungwa, vitu vyake vikatupwa jalalani: bibi harusi, shela jeusi, uso mweupe, macho mawili kama makaa. Kumbe nusu ya mtaa ilikuwa imeshikwa na vidole vya watoto ili walione jua. (Na msirudie, negativu haizuii jua kuunguza jicho.) Sikujua bibi harusi yule ni nani. Nilikirudisha.

Nilirudi kwa Bibi mwezi uliofuata. Tulikaa na picha ile ya 1951 asubuhi nzima, na katika wale kumi na mmoja tulipata majina saba, mengine kwa sura, mengine kwa namna ya kusimama, mmoja kwa kidole kilichokatwa na mashine ya kumenyea kahawa. Wanne wamebaki. Bibi anasema yupo mzee mmoja kule Mang'ola anayeweza kuwajua wawili, akiwa bado anaona.

Nawe una kopo lako, au mama yako analo. Lifungue mwenye kujua akiwa hai, mkae penye mwanga, mwulize mtu mmoja mmoja kuanzia pembeni. Andika majina nyuma ya picha kwa penseli laini, bila kukandamiza. Usitumie kalamu ya wino, maana wino huvuja na kutokea upande wa nyuso.